Bei Aliyoona Haya Kuitaja

Jina lake la kuzaliwa lilishasahaulika mtaani, na aliyelizika ni wifi yake. Siku ya kwanza mwanamke huyo alipofungua dirisha la kuuzia mafuta ya taa, wifi alisimama mbele ya watu akampima kwa macho, mabega mapana juu, kiuno chembamba chini, akasema, "Jamani, hebu mtazameni vizuri, si faneli hii ya kumiminia mafuta?" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na kuanzia hapo akawa Bi Faneli. Hakukasirika. Utamkasirikiaje wifi? Dada wa mumeo ni mtani wako kabla hajawa ndugu yako, na ukimnunia watu watasema huna akili.

Duka lenyewe lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe. Pipa limesimama kwenye kona, pampu ya mkono imechomekwa juu yake, vipimo vya bati vinaning'inia kwenye misumari, na chini kuna sinia la kukingia matone, maana tone nalo ni mali. Nyuma ya pazia ndiyo kulala, kupika na kila kitu. Harufu ya mafuta ilishaingia kwenye mto, kwenye nguo, hata kwenye mkate. Watoto hakujaliwa. Ndugu zake wa damu walikuwa mbali, wale ndugu wa kupigiana simu mtu akifa. Kwa hiyo ukimwuliza ana nani hapa duniani, jibu lilikuwa fupi. Ana wifi.

Na wifi alikuwa mtu wa kutosha, tena wa kuzidi. Aliishi nyumba ya pili kutoka hapo, akifuga kuku wa kuuza, mjane kama yeye. Kila asubuhi akishawalisha kuku wake alikuja na manyoya kichwani, akajitupa kwenye benchi lililokuwa chini ya dirisha, akaanza.

"Mchawi, umeamka?"

"Nimeamka. Nilidhani leo utakufa nipumzike."

"Nife nikuachie nyumba ya kaka yangu? Wewe ulimla yeye ukatafuna mpaka mifupa."

"Kaka yako alikuwa na nyama gani ya kumshibisha mtu? Ningemla ningelala na njaa."

Mgeni akipita angesema hawa leo watatoana macho. Kumbe chai ilikuwa inachemka nyuma ya pazia, vikombe viwili vimeshawekwa. Siku moja wifi aliugua homa akalala ndani, na Bi Faneli akamaliza siku nzima akiitikia "habari za leo" na "nzuri, asante" bila kutukanwa na mtu hata mmoja. Ilimuuma. Jioni alimpelekea uji, akasimama mlangoni akamwambia ameshakuja kupima urefu wa jeneza, na mgonjwa akacheka mpaka akakohoa.

Basi nchi ikaingia matatani. Kule juu walikosana wanaokosanaga, bandari ikafungwa, malori ya mafuta yakakwama njiani, na kwenye redio kila mkubwa akawa anamnyooshea kidole mwenzake kwa sauti ya mtu aliyekula akashiba. Vituo vya mafuta vilizungushiwa kamba. Madumu yakapanga foleni badala ya wenyewe, kila dumu na jina la mwenyewe kwa rangi, wenyewe wamekaa kivulini wanalaani. Umeme nao ukaanza kukatika, kwa sababu mitambo ya umeme nayo hunywa mafuta. Ndipo watu waliokuwa wamezitupa chemli zao chini ya kitanda wakazitoa, wakazifuta vumbi, wakaanza kutafuta cha kutia ndani.

Mtaani walikuwepo wauzaji wawili wa mafuta ya taa. Mmoja Bi Faneli. Wa pili alikuwa mwenye duka la kona, mzee mmoja mkavu aliyeitwa Mzee Taslimu kwa sababu hajawahi kumkopesha mtu hata njiti ya kiberiti. Huyu hakuona haya ya mtu. Alitundika ubao nje, kila asubuhi akaifuta bei ya jana akaandika ya leo kwa chaki, na ya leo daima ilikuwa imeota mbawa.

"Mnyonyaji wewe!" watu walimwambia usoni. "Unakula shida zetu!"

"Mimi nilikuita?" alijibu. "Miguu unayo. Nenda kwingine."

Mtu alirusha jiwe, kioo cha duka kikavunjika. Mzee Taslimu akaziba tundu kwa boksi, na kesho yake akaiandika bei mpya kwenye boksi hilohilo. Lo! Hata waliomchukia ilibidi wageuke pembeni kuficha kicheko.

Bi Faneli yeye alikuwa na mapipa mawili. La kwanza, lile la dukani, aliliuza kwa bei ya zamani, kila nyumba kipimo kidogo, na watu walimwombea dua. La pili lilikuwa chumbani, nyuma ya kitanda, limefunikwa kwa shuka, kwa sababu siku lilipoletwa dukani hapakuwa na nafasi. Hakuwa amelificha. Nataka hilo lieleweke. Lilikuwa pale kama kabati linavyokuwa pale.

Pipa la kwanza likawa linakaribia kukauka, akampigia simu muuzaji wa jumla.

"Mama, pipa jipya likipatikana, na sisemi litapatikana, litakuwa mara tatu ya lile la mwisho," alisema yule mtu. "Ukiuza ulilonalo kwa bei ya zamani, pesa yake haitakununulia hata nusu ya pipa. Utafunga duka."

Kufunga duka. Neno hilo lilimkaa kifuani. Chakula angepata, mtu mmoja anakula nini? Lakini dirisha likifungwa, nani atakuja? Watu walikuja kwake kwa sababu ya mafuta, na mafuta yakishapimwa ndipo mazungumzo yalipoanza: mtoto wa fulani kafaulu, binti wa fulani kaachika, mguu unaniuma. Aliwaza asubuhi isiyo na chupa za kugongagonga dirishani, akaogopa. Akaamua kupandisha bei. Si kama Mzee Taslimu, hapana, lakini kupandisha.

Alifanya mazoezi. Alisimama mbele ya kioo cha ukutani akaitaja bei mpya kwa sauti, mara ya kwanza akijikohoza, mara ya pili akiangalia chini, mara ya tatu akaweza. Akafungua dirisha. Wa kwanza kufika alikuwa fundi cherehani, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwanamke aliyemshonea hata nguo ya msiba wa mumewe na kukataa malipo. Ana chupa mkononi na nyuzi zimemning'inia begani.

"Bi Faneli, niokoe. Nina nguo za watu na giza linaniwahi."

Bi Faneli akafungua mdomo. Bei ilikuwa pale, kwenye ncha ya ulimi. Akamtazama usoni yule mama, akaona haya zinampanda kama homa, na kilichotoka kikawa kingine kabisa.

"Yamekwisha, mwenzangu."

"Yamekwisha? Hata kidogo?"

"Hata tone."

Fundi cherehani alishusha pumzi, akamwambia pole, eti pole yeye, akaenda zake. Bi Faneli akakaa kwenye kigoda. Halafu, nisimfiche, akasikia nafuu. Ilikuwa rahisi kuliko kutaja bei. Hakumkamua mtu, hakugombana na mtu, heshima imebaki palepale. Wa pili alipokuja akamwambia vilevile, na wa tatu, na ulimi ukazoea.

Mchana wa siku ya pili akaja mwenye pikapu, kijana wa mji mwingine, mnene, mwingi wa maneno, anazunguka mitaani kutafuta mafuta ya kwenda kuuza barabara kuu. Huyo Bi Faneli alimtajia bei bila kupepesa. Bei ya Mzee Taslimu na juu yake kidogo. Kwa mgeni ulimi ulikuwa mwepesi kama unyoya. Kijana akalipa, akalizungusha gari hadi mlango wa nyuma, akajaza dumu. Ikawa kila baada ya siku kadhaa anakuja mchana, saa ile ya jua kali watu wanapojifungia ndani, anachukua lake na kwenda. Bi Faneli alijiambia, na alijiambia mara nyingi: "Sijamuuzia ghali jirani yangu hata mmoja." Na ilikuwa kweli. Hiyo ndiyo ilikuwa kweli ya ajabu kuliko zote.

Sasa wifi. Wifi alikuwa amechukua vifaranga wapya siku chache kabla umeme haujaanza kukatika. Kifaranga wa siku chache ni kama mtoto mchanga, ukimwacha kwenye baridi ameondoka. Wifi aliwaweka chumba cha mbele ndani ya duara la maboksi, taa ya umeme juu yao, na umeme ulipokatika akaweka chemli katikati na kuwazungushia magunia. Chemli ikala mafuta yote aliyokuwa nayo. Asubuhi akaja, hakuketi.

"Mchawi, nipimie. Leo nakulipa, usinitolee macho."

Bi Faneli alishaiambia nusu ya mtaa kwamba hana mafuta. Na fundi cherehani alikuwa palepale nje anafagia, anasikia kila neno. Angesemaje? Ampe wifi, na jioni watu waone taa inawaka kwa wifi, waulize imewashwa na nini? Na je, angemtajia bei, yeye, mtu aliyekula naye sahani moja tangu aolewe?

"Yamekwisha, wifi."

Wifi akamtazama. Halafu akacheka. "Na wewe ni mchawi gani huwezi kuroga hata chupa moja ya mafuta?" Akaenda zake na chupa tupu.

Mchana Bi Faneli alimfuata. Alimkuta amekaa sakafuni, vifaranga amewatia ndani ya blanketi kwenye mapaja yake, wengine amewaingiza kifuani ndani ya nguo, wanalia pi-pi-pi. Pembeni kwenye sinia walikuwa wamelala wale walioshindwa. Bi Faneli alirudi mbio nyumbani akaleta blanketi lake mwenyewe, akaleta koti zito la marehemu, akachemsha maji akayatia kwenye chupa ili wazizungushie matambara. Alihangaika hadi jasho likamtoka. Kila kitu alichokuwa nacho alikitoa isipokuwa kile kimoja, na kilikuwa nyuma ya kitanda chake, hatua chache kutoka pale.

"Mungu akulipe, wifi yangu," alisema wifi, na mara hii hakutania.

Roho ilimsuta Bi Faneli, tena kwa kelele. Lakini uongo ni kama mgeni mbaya, ukishamkaribisha huwezi tena kumwambia hukumwalika. Kila siku iliyopita ilifanya iwe vigumu zaidi kusema, "Kumbe yalikuwepo."

Watu wakazidi kuumia, hasira ikatafuta mahali pa kushukia. Ikaitishwa mikutano ya mtaa kwenye uwanja wa bomba la maji. Mkutano wa kwanza ulimhusu Mzee Taslimu, wakaamua kumsusia: mtu asinunue kwake hata chumvi. Mzee Taslimu alikuwepo, amekunja mikono, akasema, "Msinunue kwangu, lakini msiniharibie boksi langu." Mkutano wa pili, fundi pikipiki akasimama. Huyu alikuwa na karakana yake upande wa nyuma wa nyumba ya Bi Faneli.

"Mimi simsingizii mtu," alisema. "Lakini nimeona pikapu mara mbili mlango wa nyuma wa Bi Faneli. Mchana kweupe. Nauliza tu, inafuata nini? Lisemwalo lipo, na kama halipo, laja."

Macho yote yakageuka. Na kabla Bi Faneli hajajua atasema nini, wifi alishasimama, manyoya yamemganda begani, mkono kiunoni.

"Wewe fundi, koma! Mtu wa kumtukana huyu mwanamke ni mimi, na sijamkabidhi mtu kazi hiyo. Pikapu, pikapu! Kwani pikapu haipotei njia? Mimi nimekwenda kwake kwa miguu yangu. Vifaranga wangu wanakufa mmoja mmoja, mnajua wote. Angekuwa na tone, angeninyima mimi? Mimi?" Alijipiga kifua. "Naapa kwa kaburi la kaka yangu, huyu hana mafuta."

Kiapo cha kaburi si mchezo, na wifi hakuwa mtu wa kuapa ovyo. Hapo ndipo Bi Faneli alipotakiwa kusimama. Alijua. Neno moja tu lingetosha, "Wifi, ngoja." Akabaki amekaa anatazama mikono yake, na watu wakadhani analia kwa kuonewa, wakamwonea huruma. Fundi pikipiki alimfuata mkutano ulipovunjika, kofia mkononi, akaomba radhi.

Baada ya hapo akawa mtu wa kupigiwa mfano. "Angalieni Bi Faneli," walisema, "aliuza kwa bei yake ya kawaida mpaka pipa likakauka, si kama yule jambazi wa kona." Walimletea mkaa, walimletea ndoo ya maji bila kuombwa. Fundi cherehani alimshonea mto mpya. Aliuweka kitandani, akaulalia, akageuka huku na huku, pipa nyuma ya kichwa chake.

Njia ya mwongo ni fupi. Kwake ilifika mwisho siku ile ya wiki ambayo wifi alizoea kupeleka mayai barabara kuu. Alirudi mchana, dumu dogo mkononi. Hakuketi kwenye benchi. Aliingia ndani, akaliweka dumu juu ya meza ya vipimo, polepole, kama mtu anayeweka mtoto aliyelala.

"Nimepata mafuta," alisema.

"Wapi?" Bi Faneli aliuliza, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza kwa wembamba.

"Kwa kijana mmoja mwenye pikapu. Ghali, lakini nifanyeje, vifaranga waliobaki ni wachache. Tukaongea. Nikamwuliza, mwanangu, wewe unayapata wapi wakati hayapo? Akaniambia kuna mama mmoja. Akanielekeza mtaa, akanielekeza mlango wa nyuma, akanipa na jina." Alikaza kizibo cha dumu. "Akasema ni mama mpole sana. Alidhani sikujui."

Bi Faneli hakukana. Hilo nalo tumhesabie. Aliishika meza akaanza kusema, maneno yakimtoka yote kwa pamoja: kuhusu muuzaji wa jumla, kuhusu pipa jipya mara tatu, kuhusu dirisha kufungwa. "Nilitaka kupandisha bei, wifi, ikanishinda. Ningekutajiaje wewe bei ile? Ningemtajiaje fundi cherehani? Nilimuuzia mgeni tu. Jirani yangu hata mmoja sijamuuzia ghali, hata mmoja!"

"Ndiyo," alisema wifi. "Umetunyima tu."

"Niliona haya."

"Ungenitajia." Sasa sauti ya wifi ilikuwa inatetemeka. "Ungenitajia bei yako mbaya hiyo. Ningekutukana mpaka majirani watoke nje. Ningekuita majina yote. Halafu ningelipa, halafu ungeleta chai. Hukunijua hata kidogo, miaka yote hii? Mimi nilikuwa na pesa ya kulipa. Nilichokosa ni mtu wa kuniuzia."

"Nisamehe, wifi."

"Vifaranga ni vifaranga, nitanunua wengine. Lakini ulinikuta pale sakafuni, ukanifunika kwa koti la kaka yangu, na ulikuwa unajua." Akachukua dumu lake. Akatoka.

Kesho yake mwenye pikapu alikuja, Bi Faneli akamfukuza. Akajaza dumu kubwa kwa mafuta yaliyobaki, akalifunika kwa kitambaa, akaenda nalo kwa wifi asubuhi mapema. Wifi alikuwa anafagia. Hakulipokea.

"Nikionekana na mafuta mengi hivyo, wataniuliza nimeyatoa wapi. Niseme nini?"

"Basi niende nikawaambie." Bi Faneli alikuwa ameliwaza hilo mpaka kichwa kinamuuma, na sasa alilitaka kwa moyo wote. "Leo hii. Niende pale bombani, niwaambie wote kwamba nilikuwa nayo. Wanipige mawe kama wanataka. Wanisusie."

Wifi akaacha kufagia. "Nani aliyeapa?"

Bi Faneli akaliweka dumu chini.

"Nimeapa mimi. Kwa kaburi la kaka yangu, mbele ya watu wazima. Ukienda kusema ulikuwa nayo, wewe utakuwa umeona haya tu, watu watakusikitikia. Mwongo nitakuwa mimi. Watasema nilijua, tulikuwa tunagawana. Nani ataamini kwamba wifi yako alikuwa hajui?" Akashika fagio lake tena. "Kaa na siri hiyo. Hilo ndilo nakuomba. Kaa nayo wewe, na mimi nakaa nayo."

Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Hawakusema mwosha na maiti wataishije mtaa mmoja baadaye.

Basi mambo ya nchi yakatulia, kama yanavyotulia, bila mtu kueleza yalianzaje wala nani alilipa. Malori yakapita, kamba zikafunguliwa, madumu yakarudi nyumbani. Bi Faneli alipata pipa jipya kwa bei ya kuvumilika, maana pesa ya kununulia alikuwa nayo. Dirisha halikufungwa. Chupa ziligonga asubuhi kama zamani, na zaidi ya zamani, kwa sababu sasa watu walitoka hata mitaa ya mbali kununua kwa yule mama mwaminifu. Walimsalimu kwa heshima, walimpisha njiani. Hakuna aliyethubutu kumtania, mtu hamtanii mtu wa kupigiwa mfano.

Na Mzee Taslimu? Kususiwa kwake kuliisha kimyakimya, mmoja alikwenda kununua kiberiti, mwingine sabuni, na punde wote walikuwa wamerudi. Wakifika walimkumbusha. "Jambazi, leo chumvi ni bei gani, au tusubiri uifute uiandike upya?" Naye aliwajibu, "Kioo changu mtanilipa lini?" Wakacheka. Walishamtukana kwa kila neno walilokuwa nalo, alishawajibu kwa kila neno alilokuwa nalo, na hakikubaki kitu moyoni. Bi Faneli alivisikia vicheko hivyo akiwa dirishani kwake. Kimoja alikijua kuliko vyote. Wifi alikuwa amehamia benchi la kona, anamwambia Mzee Taslimu kwamba siku akifa jeneza lake litabidi litengenezwe kwa maboksi.

Chai Bi Faneli aliendelea kuimimina kwenye vikombe viwili kwa muda, kwa mazoea tu. Kisha akazoea kimoja.

Wifi hakuwa amemsusia. Hilo lingekuwa jambo, watu wangeliona, wangeuliza, na wifi hakutaka waulize. Alipita, alisalimu. Asubuhi moja duka la kona lilikuwa limefungwa, mzee kaenda mazishini kwao, na wifi akaja dirishani na chupa yake. Fundi cherehani alikuwa kwenye benchi anasubiri zamu. Alipomwona wifi alijiweka vizuri, tayari kwa vita ya maneno aliyoikosa siku nyingi.

"Habari za asubuhi, mama," alisema wifi.

"Nzuri." Bi Faneli alichukua chupa, akamwaga kidogo kwenye sinia. Akaisukuma pampu polepole ili muda usiishe. "Kuku wanaendeleaje?"

"Wanaendelea vizuri, asante."

Bi Faneli akajaza chupa mpaka shingoni, akaifuta kwa kitambaa, akakusanya nguvu zote alizokuwa nazo. "Naona umenenepa wewe. Kuku unawauza au unawala peke yako ukijifungia ndani?"

Fundi cherehani akaangua kicheko, akamgeukia wifi kusubiri jibu. Wifi akatabasamu, lile tabasamu la mtu kwa muuza duka. Akaweka pesa dirishani, akangoja chenji yake, akaihesabu.

"Asante, mama," alisema. "Biashara njema."

Akaenda zake na chupa yake. Fundi cherehani akamtazama mpaka alipokata kona, akatikisa kichwa kwa mshangao.

"Kha! Wifi yako siku hizi ana adabu!"

"Eh," alisema Bi Faneli. "Ana adabu."